Bangi na kichwa kinachokua
Mzazi wa mji wa Mwingi au Wote huuliza: mwanangu alikuwa mwepesi darasani, mbona leo hakumbuki alichosoma jana? Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima hatari na kuzuia hasira, huendelea kukomaa hadi takriban miaka 25. Kemikali ya bangi, THC, huivuruga ingali changa: kumbukumbu hulegea, subira hupungua. Na siku hizi haivutwi tu. Huokwa ndani ya keki na biskuti, mtoto akala asijue kipimo.

Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inatisha kwa kifungo. Lakini kijana wa Kibwezi akifukuzwa shule kwa sababu ya bangi, naona tumemkabidhi kwa muuzaji. Mwiteni, mketi naye, mumuulize alianza lini, na kwa nini.