Uwakili wa Ardhi: Fundisho la Kondoa



Katika makanisa ya nchi hii neno "uwakili" linafahamika sana, lakini mara nyingi husikika wakati wa kukusanya sadaka. Muumini huambiwa kwamba fedha, mazao na nguvu zake si mali yake. Amekabidhiwa na Mungu, naye atatakiwa kutoa hesabu. Fundisho hilo ni la kweli, ila limekatwa nusu. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya pili, hakimkabidhi binadamu fedha. Kinamweka katika bustani, na kumpa kazi ya kuihudumia na kuilinda. Amana ya kwanza ya binadamu, basi, ni ardhi.

Wako wanaoshika neno moja tu la sura ya kwanza, lile la kutawala, wakaligeuza kuwa ruhusa ya kufyeka na kuchoma moto watakavyo. Hao wamesahau kwamba wakili si mwenye mali. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inaamuru shamba lipumzishwe kila mwaka wa saba, tena inakataza ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa sababu mwenyewe ni Mungu, na wanadamu ni wapangaji tu.

Fikra hiyo si ngeni katika Tanzania. Mwaka 1958, katika maandishi yake yaitwayo Mali ya Taifa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, na kwamba haki ya mtu ni ya kuitumia, si ya kuifanya bidhaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inatamka kuwa ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya raia wote. Kile ambacho mhubiri hukiita uwakili, sheria hukiita dhamana.

Lakini dhamana hupimwa kwa matendo, na kipimo kizuri kiko Kondoa. Katika vilima vya Irangi, kulima na kuchunga kwa miaka mingi bila kupumzisha, pamoja na kufyeka vichaka katika enzi za Waingereza ili kumfukuza mbung'o, kuliiacha ardhi uchi. Mvua zikachimba makorongo, na mchanga ukafunika mashamba ya mabondeni. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta ya kukinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kula kila chipukizi. Ndipo mwaka 1979 Serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,250.

Ardhi ile ilipopewa pumziko, iliitika. Majani yaliota, miti ikachipua yenyewe kutoka katika visiki, na mito ya mchanga ikaanza kupungua upana. Waliodhani kwamba ardhi iliyokufa haifufuki walijionea wenyewe. Amri ile ya kale ya Walawi ilithibitika katika udongo wa Kondoa, katika nchi ambayo wengi wa wakazi wake ni Waislamu, ambao dini yao nayo humwita binadamu khalifa wa Mungu katika ardhi.

Hata hivyo, yafaa hesabu nzima itolewe. Pumziko lile lililipiwa, na aliyelipa ni mwananchi wa kawaida. Nyumba iliyokuwa na ng'ombe ilikosa maziwa ya watoto na samadi ya shamba. Wengine walipeleka mifugo yao mbali, kwa ndugu na marafiki. Ilipita miaka kama kumi kabla ya kuletwa mpango wa ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Na mradi ulipokoma katika miaka ya 1990, ulinzi ulilegea, na mifugo ikaonekana tena hapa na pale. Amri inaweza kumtoa ng'ombe malishoni kwa siku moja, lakini haiwezi kuingiza uwakili moyoni mwa mtu ambaye hakuulizwa neno.

Fundisho la Kondoa, kwa hiyo, ni la pande mbili. Ardhi ni lazima ipumzishwe, wala huruma kwa mchungaji isiwe kisingizio cha kuiacha ife, kwa maana ikifa, wa kwanza kufa njaa ni yeye. Lakini gharama ya kuipumzisha ni ya Taifa zima, isitupwe juu ya mgongo wa mnyonge. Ofisa anayemkataza mjane kulima kando ya mto, huku akifumba macho mbele ya tajiri anayevuna msitu kwa malori, si wakili mwaminifu, hata akiwa mzee wa kanisa.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Katika shule nyingi jembe limekuwa adhabu: mwanafunzi aliyechelewa hupelekwa shambani. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kwamba ardhi ni mahali pa wakosaji, naye akikua ataikimbia au ataitendea kwa chuki. Shamba la shule lenye makinga maji, mbolea na kipande kilichopumzishwa kwa makusudi lingemfundisha uwakili bila mahubiri marefu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, bwana anamwita wakili wake na kumdai hesabu ya kazi yake. Hamwulizi alikuwa na cheo gani, anamwuliza aliitunzaje mali aliyokabidhiwa. Swali hilo halitangoja siku ya mwisho. Litaulizwa na watoto watakaorithi makorongo au mashamba, kwa kadiri mawakili wa leo watakavyoamua.