Zamu ya Mtoto na Jalada la Karani

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu jioni hii juu ya elimu ya watoto. Huenda wengi watazamia tuseme juu ya mitihani, ada na vyeti, maana hayo ndiyo yatusumbuayo sisi wazazi tungojao mwisho wa mwezi. Lakini kwa ruhusa yenu tutasema juu ya chumba cha darasa cha watoto wadogo katika nchi ya Japani, mwezi wa Septemba, na juu ya mambo wajifunzayo mle yasiyoandikwa katika cheti chochote. Mkituvumilia mtaona kuwa habari hii, ingawa yatoka mbali, yafika hata juu ya meza ya kila karani aliyeketi hapa.

Shule ya msingi ya Japani ni ya miaka 6, na mwaka wa masomo huanza mwezi wa Aprili. Basi Septemba si mwanzo wa mwaka, bali ni marejeo kutoka likizo ya kiangazi. Mahali pengi muhula wa pili huanza karibu na tarehe 1 ya mwezi huo. Joto lingali kali, na tufani huja mara kwa mara, lakini siku zimekwisha anza kufupika, na majira ya kupukutika majani yamekaribia. Watoto hurudi na kazi walizopewa za likizo, kisha darasa hugawana tena zamu: huyu kufuta ubao, yule kuongoza maamkizi ya asubuhi, wale kugawa chakula.

Tuanze na chakula. Sheria ya chakula cha shule ilitungwa nchini humo mwaka 1954, na chakula hicho huhesabiwa kuwa ni sehemu ya mafundisho. Saa ya kula ikifika, watoto wenye zamu huvaa kanzu nyeupe na kofia, wakafunika vinywa vyao, wakaenda kuleta vyungu na sahani, wakawapakulia wenzao. Mwalimu hula pamoja nao mle darasani, chakula kile kile. Hapana mtoto aanzaye kula kabla wote hawajapata. Juma lijalo zamu hubadilika, na aliyepakuliwa huwa mpakuzi.

Baadaye huja kufagia. Kwa muda wa robo saa hivi watoto hushika mifagio na matambara, wakasafisha darasa, ngazi na ujia, na katika shule nyingi hata choo. Katika shule nyingine makundi huchanganywa, wakubwa wa darasa la 6 pamoja na wadogo wa darasa la 1, ili mkubwa amwonyeshe mdogo jinsi ya kukamua tambara.

Labda mtasema, “Hata watoto wetu hufagia uwanja wa shule.” Ni kweli, nasi wenyewe tulifagia. Lakini tukumbuke ni mara ngapi tulipewa ufagio kwa kuwa tumechelewa, au tumepiga kelele, au tumeshindwa hesabu. Mtoto afundishwaye kuwa kazi ya mikono ni adhabu, akikua na kupata kiti cha afisini hukiona kiti kile kuwa ni msamaha. Humwita tarishi aokote karatasi iliyoanguka miguuni pake mwenyewe. Lakini mtoto ajuaye kuwa kazi ni zamu, hukiona cheo nacho kuwa ni zamu: leo kwangu, kesho kwa mwenzangu, na lazima nikiache safi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta. Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita kasoro dakika mbili mchana, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga miji ya Tokyo na Yokohama. Watu walikuwa wakipika chakula cha mchana, na moto ukaenea kutoka majikoni ukateketeza mitaa mizima. Waliokufa na kupotea walikuwa kiasi cha 105,000. Mwaka 1960 Serikali iliiweka tarehe hiyo kuwa siku ya kujihadhari na maafa, na shule nyingi hufanya mazoezi wakati huo, watoto wakiwa ndio kwanza wamerudi. Kengele ikilia, kila mmoja huingia chini ya meza yake na kushika miguu ya meza. Kisha hutoka kwa mstari hadi uwanjani, wakishika amri nne walizozijua kwa moyo: msisukumane, msikimbie, msiseme, msirudi nyuma. Mwalimu huwahesabu mmoja mmoja. Mahali pengi wazazi huitwa waje kuwapokea watoto kwa majina, kama ingalikuwa siku ya msiba wenyewe.

Je, mazoezi hayo yana faida? Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa lilitokea upande wa kaskazini mashariki wa nchi, likafuatwa na mawimbi makuu ya bahari yaitwayo tsunami. Katika mji wa Kamaishi ilikuwako shule ya msingi ya Unosumai, na jirani yake shule ya kati. Ramani ya hatari ya Serikali ilionyesha kuwa maji hayangefika hapo. Lakini kwa miaka kadhaa mtaalamu aitwaye Katada Toshitaka alikuwa amezifundisha shule za mji ule mambo matatu: usiitegemee ramani peke yake, fanya kadiri ya uwezo wako wote, na uwe wa kwanza kukimbilia mahali pa juu. Siku ile wakubwa wa shule ya kati walianza kukimbia. Wadogo, waliokuwa wamepanda orofani, walipowaona waliteremka wakawafuata, na wakubwa wakawashika mikono, kwa kuwa walikuwa wamefanya mazoezi pamoja. Walifika mahali palipopangwa, wakaona hapatoshi, wakapanda zaidi, kisha zaidi tena. Maji yalifika ghorofa ya tatu ya shule yao. Wale waliokimbia pamoja waliokoka.

Siku ile ile, katika mji wa Ishinomaki, shule ya msingi ya Okawa ilipatwa na msiba. Shule hiyo ilikuwa kando ya mto, kiasi cha kilometa 4 kutoka baharini, na kilima kilikuwa nyuma yake. Watoto walitoka madarasani kwa utaratibu, wakapangwa uwanjani, wakahesabiwa. Kisha wakangoja karibu dakika 50 huku wakubwa wao wakishauriana mahali pa kwenda. Maji yakapanda kwa njia ya mto. Watoto 74 na walimu 10 walikufa au kupotea.

Wazazi wa watoto 23 kati ya hao walikwenda barazani. Mwaka 2018 mahakama kuu ya Sendai iliamua, na mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa haikuugeuza uamuzi huo. Mahakama ilitazama mambo ya kabla ya msiba. Shule ilikuwa na hati ya mpango wa hatari, tena hati hiyo ilitaja tsunami. Lakini mahali pa kukimbilia paliandikwa tu kuwa ni uwanja mtupu au bustani iliyo jirani, bila kutaja mahali halisi panapofaa. Wakuu wa shule hawakuirekebisha, na afisi ya elimu ya mji haikuichungua na kuamuru itengenezwe.

Ndugu wanachama, hapa ndipo tuombapo mtutegee masikio. Hati ile ilikuwako. Kama mkaguzi angaliuliza, “Je, mna mpango?” angalijibiwa, “Naam, Bwana, huu hapa,” naye angalitia alama na kwenda zake. Ni karatasi ngapi za namna hiyo zipitazo mikononi mwetu? Twaandika “imeonekana”, twatia mhuri, twalifunga jalada, wala hatuulizi kama maneno yaliyomo yangemsaidia mtu aliye katika dhiki. Wahenga walisema ajali haina kinga. Hatuwapingi wahenga, lakini si halali kwa karani kujificha nyuma ya methali hiyo ikiwa kinga ilikuwa kazi yake ya kila siku.

Basi twatoa shauri dogo. Kila mwanachama mwenye mtoto shuleni aende aulize: moto ukizuka, au mafuriko yakija, watoto hukimbilia wapi, na ni lini walipojaribu mara ya mwisho? Kisha kila mmoja wetu kesho asubuhi afungue jalada moja lihusulo maisha ya watu, alisome kama asomavyo mtu ambaye mtoto wake yumo ndani yake. Mahali palipoandikwa neno lisilo na maana aulize, aandike jina la mahali halisi, ndipo atie sahihi.

Tumekoma hapa.