Mama, Mama Mdogo na Maabara



Kuhusu baba, wahenga walishakata shauri: kitanda hakizai haramu. Kuhusu mama hawakuona hata kesi. Mkunga alikuwepo, majirani walisikia kilio. Lakini mkunga na majirani hawapandi ndege.

Kesi ya kwanza duniani kuamuliwa kwa alama za vinasaba haikuwa ya muuaji wala ya baba mtoro. Ilikuwa ya mama. Mvulana aliyezaliwa Uingereza alikwenda Ghana kwa baba yake. Aliporudi, maofisa wa uhamiaji wakashuku kuwa huyu siye aliyeondoka, pengine ni mtoto wa dada wa huyo mama. Vipimo vya makundi ya damu vikasema ni ndugu, vikaishia hapo. Mwaka 1985 akaombwa msaada Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyekuwa amegundua alama hizo Septemba 1984. Baba hakupatikana. Jeffreys akapima damu ya mama na ya watoto wake wengine watatu. Alama hizo zilionekana kama mistari: ile waliyokuwa nayo watoto ambayo mama hana, hiyo ilitoka kwa baba. Akaiondoa kwenye mistari ya mvulana, kisha akaangalia iliyobaki: yote, mmoja baada ya mwingine, ilikuwamo kwa mama. Serikali ikaachana na kesi.

Mtoto huchukua kwa mama nusu ya vinasaba vyake. Na mama mdogo hulingana naye kwa takriban robo. Ubishi wote umekaa kati ya nusu na robo. (Mitokondria, inayorithiwa kwa mama tu, haisaidii hapa: dada wa tumbo moja wanayo ileile.)

Wala kipimo si malaika. Mwaka 2002, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mwanamke aliyeomba msaada wa serikali aliambiwa watoto si wake, ingawa baba alithibitika. Alipojifungua tena, ofisa alisimama chumbani akishuhudia. Damu ikapimwa, jibu likawa lilelile. Mwilini mwake mlikuwa na seli za aina mbili, za viinitete viwili vilivyoungana kabla hajazaliwa. Sampuli ya shingo ya kizazi ndiyo iliyomwokoa. Ni jambo adimu mno, na sitaki mtu alitumie kama kisingizio.

Mwaka 2008 Marekani iliwapima jijini Nairobi wakimbizi waliotaka kuwafuata ndugu zao, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Familia zilizothibitika kikamilifu hazikufika asilimia 20. Nyingine jibu lilipinga, nyingine zilikataa kupimwa. Mpango wa kuunganisha familia ukasimamishwa hadi 2012. Walaghai walikuwamo, sibishi. Lakini mfikirie mwanamke aliyemchukua mtoto wa marehemu dada yake akiwa bado ananyonya. Muulize kwa Kiswahili huyu ni nani wako. Atasema mwanangu, na hajadanganya. Akilijaza neno hilo kwenye fomu, kijiti cha pamba kikapita ndani ya shavu la mtoto, anaitwa mwongo.

Ndiyo maana kila anayenijia na suala hili namuuliza kwanza, kabla ya bei ya kipimo: mama, ulimzaa au ulimlea? Kama ulimlea, andika hivyo leo, kabla hawajakupima.