Hofu Haipimi Damu



Hapa Tarime, na kwa ndugu zetu wa Serengeti, watu wengi wanapima hatari ya VVU kwa mizani ya aibu. Tendo likiwa la kificho, hofu inapanda. Likiwa la halali machoni pa ukoo, hofu inalala. Virusi havijali ni lipi kati ya hayo.

Chukueni mfano wa kijana wa Nyamongo. Kauza mawe ya dhahabu, kaenda Sirari, kalala na mwanamke asiyemfahamu, kondomu ikapasuka. Kesho yake anaanza kukagua ulimi kwenye kioo na kujipapasa shingo kutafuta tezi. Baada ya wiki mbili amekonda kweli, maana hali wala halali. Hatari yake ilikuwa kiasi gani? Watafiti wanakadiria kwamba mwanamume akilala mara moja bila kinga na mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 4 katika 10,000. Kwa mwanamke ni kama 8. Kwa anayeingiliwa kinyume cha maumbile ni takriban 138. Idadi hizi hupanda penye kidonda au ugonjwa wa zinaa. Jirani zetu wa Mwanza walishiriki utafiti kati ya 1991 na 1994 ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya kwa takriban asilimia 40.

Sasa mtazameni binti aliyeolewa nyumba ntobhu. Mama mzee asiye na mtoto wa kiume ametoa ng'ombe kumwoa, wazee wameshuhudia, na binti anazaa na mwanamume ambaye mara nyingi ana mji wake kwingine. Siilaumu mila hiyo; imewapa wajane wengi mrithi na sauti. Lakini kwa kuwa hakuna aibu, hakuna anayemuuliza mwanamume yule alipima lini. Hatari ndogo ikirudiwa kila wiki kwa miaka mitano haibaki ndogo. Yule wa Nyamongo anakesha, huyu analala usingizi, na mimi ningemhofia zaidi huyu.

Tohara nayo imetupa kiburi. Majaribio ya Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yaliyosimamishwa Desemba 2006, yalionyesha kwamba tohara ya hospitali humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban nusu. Nusu iliyobaki ni ya kondomu na ya kupima. Kisu kimoja kinachopita kwa vijana wengi msimu wa tohara hakimo katika hesabu hiyo, na kukeketa binti hakumkingi na chochote.

Nirudi kwa kijana wetu. Asubuhi ile alikuwa na jambo la kufanya, naye akalipoteza mbele ya kioo: kuna dawa za kinga zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Hofu ilimla saa zile. Zikishapita, kinachobaki ni kipimo kwa wakati wake. Kipimo cha haraka cha kidole hutafuta kingamwili, na wengi huonekana baada ya wiki tatu hadi nne. Jibu la kufunga shauri ni la miezi mitatu. Kabla ya hapo homa na upele havimwambii kitu, hasa kwetu ambako malaria haijahama. Amwambie mtu mmoja anayemwamini, aandike tarehe ya kupima, na aiache gongo. Akipata jibu hasi baada ya miezi mitatu bila tendo jipya, shauri limekwisha. Anayezunguka kutoka Tarime hadi Mugumu akirudia kipimo kila wiki anailisha hofu. Huyo amweleze mshauri nasaha kwamba shida sasa ni wasiwasi wenyewe, nao unatibika.

Wengine hofu huwakimbiza mbali na kipimo. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, ng'ambo ya hifadhi ya Serengeti, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo walioacha ARV, dawa za kufubaza VVU. Wengi wamewacheka. Mimi naona walipenda mahali ambapo hakuna aliyewaita chumbani kusomewa majibu.

Na majibu yenyewe hayatishi kama zamani. Anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU huambukizwa. Kwa dawa ni chini ya 5. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu, na marekebisho ya 2019 yameruhusu kujipima na kumpa kijana wa miaka 15 haki ya kupima kwa ridhaa yake. Ila kipimo cha kujipima kikionyesha maambukizi, lazima kithibitishwe kituoni.

Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani. Bado wapo wanaume wanaosoma kadi ya kliniki ya mke na kusema nao wako salama. Jibu la mke ni la mke. Akina baba, mkeo mjamzito anapokwenda kliniki, nenda naye, nawe utolewe damu siku hiyohiyo.