Duka la Mgeni na Mfuko wa Mfanya Kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kipkelion)



Leo nataka kusema nanyi habari ya maduka makubwa ya kigeni. Mtu atauliza, yatuhusu nini sisi wa Kipkelion? Yatuhusu, maana vijana wetu huenda mjini kutafuta kazi katika maduka hayo.

Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua duka la kwanza Nairobi mwaka 2018. Mwaka 2020 ikatangaza kuwa yaondoka. Choppies ya Botswana ilinunua maduka ya Ukwala, nayo ikafunga. Game iliingia mwaka 2015, ikafika hata Kisumu, na mwaka 2022 ikaondoka. Fedha walikuwa nazo. Walikosa nini?

Mtazameni mnunuzi. Mfanya kazi hununua sukari robo, mafuta ya kupimiwa, na sabuni kipande. Mshahara ukiisha hukopa, na mwenye duka huandika daftarini. Sukuma hununua kwa mama wa sokoni, ambaye humwongezea kidogo. Duka la mgeni halikopeshi wala haliongezi. Nao wenye magari walikuwa wamekwisha kuzoea Naivas, na Carrefour iliyoingia mwaka 2016.

Si Kenya peke yake. Carrefour hiyo hiyo iliingia Japani mwaka 2000, na mwaka 2005 ikauza maduka yake. Tesco ya Uingereza iliingia mwaka 2003, na mwaka 2011 ikatangaza kutoka. Mjapani hutaka samaki mbichi wa leo, tena kidogo kidogo, kwa kuwa nyumba yake haina nafasi ya kuweka akiba. Basi mgeni asiyeuliza desturi hupata hasara.

Lakini, ndugu zangu, tajiri akipata hasara hurudi kwao. Mfanya kazi hubaki bila kazi. Kwa hiyo shikeni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema: anayepunguza wafanya kazi sharti aarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja mbele, na kutoa sababu. Tena alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia, pamoja na fedha za likizo isiyochukuliwa.

Waambieni vijana waingie chama, na waweke barua ya kuajiriwa na karatasi za mshahara. Sisi wa chai pia tuziweke. Mashamba ya James Finlay yaliuzwa kwa Browns ya Sri Lanka mwaka 2023. Tajiri hubadilika, haki ya mfanya kazi isipotee.

Umoja ni nguvu.