Mitandao ya Kijamii Darasani: Yale Niliyofunzwa na Tarakimu Mbili



Miaka michache iliyopita wanafunzi wangu wa fonolojia walianzisha kundi la WhatsApp, nao wakanikaribisha. Niliingia na kalamu nyekundu, kama ilivyo desturi ya walimu wa rika langu. Kila aliyeandika “cjui” nilimjibu kwa “sijui”. Haikupita wiki kundi likanyamaza. Nikabaki nikijisemesha peke yangu.

Kosa lilikuwa langu. Nilisahihisha data badala ya kuichunguza.

Tulipokutana darasani niliandika ubaoni maneno manne ya kundini, kwa idhini ya wenyewe na bila kuwataja: cjui, m2, 2naenda, ni2mie. Nikauliza tarakimu 2 inafanya kazi gani. Binti mmoja, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa, alijibu kwamba inasimama badala ya silabi “tu”, kwa kuwa jina lake la Kiingereza husikika hivyo. Vivyo hivyo herufi “c” kwa silabi “si”. Mwenzake akaongeza kwamba katika “2naenda” silabi hiyo ni kiambishi cha nafsi na katika “m2” ni mzizi, ilhali katika “ni2mie” inaukata mzizi -tum- vipande viwili, “m” ikaangukia silabi inayofuata. Basi mwandishi huyu wa simu, bila kufunzwa na yeyote, hugawa neno kwa silabi wala hajali mofimu. Tena “m” ya “m2” imesimama peke yake bila irabu, nayo ni silabi kamili. Jambo hilo nimelifundisha kwa michoro miaka mingi, na sidhani kama liliwahi kueleweka upesi kiasi hicho.

Wapo wenzetu wanaohofia kwamba maandishi haya yataharibu Kiswahili sanifu. Mimi, katika insha za wanafunzi hao hao, tarakimu hizo nilizikuta kwa nadra. Wanajua wanamwandikia nani.

Hofu yangu ni nyingine. Nilikuwa nimetenga alama kumi kwa ushiriki kundini. Kijana mmoja akanijia ofisini, akanionyesha simu yake ya vitufe isiyopokea WhatsApp. Muhula mzima alikuwa akisomewa ujumbe na jirani yake wa bweni. Alama hizo nilizifuta siku ile ile. Tangu hapo kundi hutupa mifano tu, na mjadala wenyewe hufanyika ubaoni, mbele ya wote.