Goti la Mtu Mnene Lisihukumiwe Kukaa



Ipo kauli iliyozoeleka katika kliniki zetu: mtu mnene anayeumwa goti apumzike, apungue kwanza, mazoezi baadaye. Wanaoisema huliona goti kama tairi, kwamba uzito umelila na kila hatua inalimaliza.

Kauli hiyo haisimami. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, ni tishu hai isiyo na mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, yaani mtu anapotembea. Goti lisilotembezwa hukosa riziki. Tena, kama kosa lingekuwa la mzigo peke yake, osteoathraitisi (ugonjwa wa kulika kwa viungo) ya vidole vya mikono isingewapata wanene kuliko wembamba. Huwapata, kwa sababu mafuta ya mwili hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na damu huzifikisha kila kiungo. Na misuli ya mbele ya paja, inayopokea kishindo cha kila hatua, hunyauka upesi kwa anayekaa.

Mama yangu mdogo wa Tandika aliambiwa apumzike. Akaacha kwenda sokoni kwa miguu, akawa mtu wa bajaji. Mwaka haukuisha, uzito ulikuwa umepanda na kuinuka kwenye kigoda kulihitaji mkono wa mtu.

Uzito siudharau. Mtafiti Messier na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba kilo moja ikipungua, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Mwaka 2013, katika jaribio lao la watu 454 lililochukua miezi 18, waliounganisha lishe na mazoezi ndio waliopata nafuu kubwa zaidi.

Lakini utafiti ninaowasomesha wanafunzi wangu kila mwaka ni wa hapa hapa Tanzania: wa Grace Shayo na Ferdinand Mugusi, uliochapishwa mwaka 2011. Waliwafuata watu 1,249 katika jamii ya Kinondoni, si kwenye foleni ya hospitali. Unene uliopitiliza ulikuwa asilimia 24.7 kwa wanawake na asilimia 9 kwa wanaume. Na miongoni mwa yaliyoambatana nao ni uchache wa shughuli za kutoa jasho. Haukuchunguza magoti, wala utafiti wa wakati mmoja hauwezi kusema kipi kilitangulia. Hata hivyo, unatuonyesha mgonjwa wetu kabla hajafika kwetu.

Mtaniambia kwamba mwaka 2021 Messier huyo huyo alikuta mazoezi ya vyuma vizito hayakupunguza maumivu kuliko mepesi, wala kuliko kundi lisilopewa mazoezi hayo. Ni kweli, nami nayapokea matokeo hayo. Bado nashikilia: paja kwanza, mizani baadaye. Asiyeweza kuinuka kitini hatafika kwenye matembezi tunayomtaka ayafanye.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Wito huo uwahusu pia kina mama wanene wenye magoti mabovu. Madaktari na wauguzi wa Temeke na Kinondoni, mnapomwandikia mgonjwa huyu dawa ya maumivu, mwandikieni na matembezi. Mfundisheni kuinuka na kuketi kitini kabla hajatoka chumbani mwenu.